Doki ya laptopu: Mnunuzi asilipe kabla skrini haijawaka

WAFANYABIASHARA wadogo wa Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Tegeta wanaotafuta vifaa vya ofisi wanakutana madukani na kifaa ambacho wauzaji hukiita doki. Kwa umbo ni kisanduku tu. Kingine ni kikubwa kama kamusi, kingine kinaingia katika mfuko wa shati. Kazi yake ni kuiunganisha kompyuta mpakato, au laptopu kama wengi tunavyoiita, na skrini kubwa, kibodi, kipanya, printa, waya wa intaneti na chaja, vyote kwa kuchomeka waya mmoja.

Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu. Meli ikifika bandarini hufunga gati, hupakua na kupakia, kisha hung'oa nanga. Laptopu nayo hufunga gati asubuhi mwenye duka anapofungua, na jioni huchomolewa waya mmoja ikaondoka na mwenyewe.

Safu hii inasema mapema msimamo wake. Doki ni matumizi mazuri ya mtaji kwa mfanyabiashara wa aina fulani, na kwa wengine ni fedha iliyotupwa. Lakini katika soko letu lilivyo sasa, hasara nyingi hazitokani na ubovu wa kifaa. Zinatokana na mlaji kuuziwa doki isiyooana na kompyuta aliyo nayo. Kwa hiyo fedha isitoke mfukoni kabla skrini haijawaka mbele ya macho ya mnunuzi, na muuzaji anayekataa kujaribu aachwe na mali yake.

Tuanze na anayeihitaji. Huyu ni mtu mwenye kompyuta moja, na kompyuta hiyo hailali dukani. Wako wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, famasi na ofisi ndogo za uwakala wa forodha ambao kila jioni hurudi nyumbani na laptopu kwenye begi, kwa sababu fremu inaweza kuvunjwa usiku, na kwa sababu hesabu za siku humaliziwa nyumbani watoto wakishalala. Kesho yake mtu huyo anachomeka chaja, skana, printa, kipanya, modemu na flashi. Laptopu nyembamba za miaka ya karibuni zina matundu mawili au matatu tu, kwa hiyo anachomoa hiki ili kipite kile, mchana kutwa.

Tundu linalochomekwa na kuchomolewa namna hiyo hulegea. Likilegea, kazi ya fundi si ndogo, kwa sababu mara nyingi tundu limelehemiwa kwenye bodi kuu ya kompyuta yenyewe. Kwa lugha ya hesabu tuliyofundishwa chuoni, doki inauhamisha uchakavu kutoka kwenye mali ya thamani kubwa kwenda kwenye mali ya thamani ndogo. Tundu la doki likifa, unabadilisha doki. Hii kwangu ndiyo sababu ya kwanza ya kuinunua, ingawa wauzaji huitaja mara chache kwa kuwa haing'ai kama skrini mbili zilizowekwa dirishani.

Skrini mbili nazo zina faida yake. Anayeandaa ritani ya VAT kabla ya tarehe 20 ya mwezi hufanya kazi kwa utulivu zaidi akiwa na ankara upande mmoja na fomu upande wa pili, kuliko kufungua na kufunga madirisha katika skrini ya inchi 14. Hivyo hivyo kwa karani anayehamisha orodha ya mali kutoka kwenye karatasi ya msambazaji kwenda kwenye daftari la duka. Makosa ya tarakimu hupungua pale macho yanapoona vyote viwili kwa pamoja. Wawekezaji wadogo wa Soko la Hisa la Dar es Salaam wasijidanganye, hata hivyo. Kusoma taarifa za hesabu za kampuni ni rahisi zaidi katika skrini kubwa, lakini bei ya hisa za TBL haipandi kwa kuwa umeitazama katika skrini mbili.

Sasa asiyeihitaji. Mwenye steshenari pale Rangi Tatu ambaye laptopu yake haijatoka mezani tangu inunuliwe, anachapa na kutoa nakala tu, hana haja na doki. Anahitaji waya wa HDMI wa kwenda kwenye skrini moja na kigawanyo cha USB cha kuongeza matundu. Vitu hivyo viwili humgharimu sehemu ndogo tu ya bei ya doki nzuri, na fedha iliyobaki ni wino na karatasi. Muuzaji atakayemwambia hivyo atakuwa amepoteza mauzo ya siku moja na amepata mteja wa miaka. Wauzaji wa namna hiyo wapo, ila si wengi.

Kuna hoja ya tatu, ya umeme, ambayo huko kwa watengenezaji haizungumzwi sana lakini kwetu ina uzito. Mtu anayechagua kati ya kununua kompyuta ya mezani kwa ajili ya duka na kuiongezea laptopu yake doki na skrini iliyotumika, apige hesabu ya LUKU. Ikiwa kompyuta ya mezani ya zamani inatumia wati 70 zaidi ya laptopu, kwa saa 10 za kazi na siku 26 za mwezi hizo ni yuniti 18.2. Azizidishe kwa bei anayonunulia umeme, kisha kwa miezi 12, ataona. Zaidi ya hapo, laptopu ina betri. Umeme ukikatika skrini kubwa huzimika, lakini kazi iliyokuwa ikiandikwa inabaki kwenye laptopu. Waliofanya biashara katika kipindi cha mgawo wa mwishoni mwa mwaka 2023, kabla ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuingiza umeme katika gridi Februari 2024, wanajua thamani ya jambo hilo.

Hapo hapo lakini pana mtego ambao sijaona muuzaji akimtahadharisha mteja. Doki kubwa zina adapta yake ya umeme. TANESCO ikikata, doki inazimika papo hapo na kila kilichochomekwa humo kinakatika. Kama diski ya nje yenye kumbukumbu za biashara ilikuwa inaandikwa wakati huo, kumbukumbu zinaweza kuharibika hata kama laptopu yenyewe inaendelea kuwaka kwa betri. Kwa hiyo diski ya kutunzia kumbukumbu ichomekwe moja kwa moja kwenye laptopu, au doki yenyewe iwekwe kwenye UPS ndogo. Doki zile ndogo zisizo na adapta, zinazokula umeme wa laptopu, hazina tatizo hili, ingawa nazo humaliza betri upesi.

Tuje sasa kwenye kuoana, ambako ndiko fedha za watu zinakopotelea.

Zamani mambo yalikuwa wazi. Kila mtengenezaji alikuwa na doki yake na haikuingia kwenye kompyuta ya mwingine. Apple ilitoa Duo Dock mwaka 1992, ambayo laptopu ilisukumwa ndani yake kama kaseti ya video. Baadaye kampuni kubwa za Ulaya na Marekani zikawapa wafanyakazi wao laptopu za Dell, HP na ThinkPad zenye kiunganishi maalumu chini au ubavuni, zinazokaa juu ya doki na kubana kwa kulia "kwa!". Mashine hizo zikichoka hupigwa mnada, na nyingi zinafika kwetu kama mitumba, doki zikifuatana nazo au zikija peke yake katika makontena.

Nani anunue doki hizo za mitumba? Mwenye laptopu ya familia ile ile tu. Mwenye Dell Latitude ya mfululizo wa E, ulioanza mwaka 2008, akiona doki yake iitwayo E-Port kwa bei nafuu, anunue bila wasiwasi mkubwa, kwa kuwa ni chombo kigumu kilichotengenezwa kukaa ofisini miaka mingi. Akumbuke mambo mawili. Kwanza adapta ya umeme yenye wati za kutosha iwe imefuatana na doki, maana kuitafuta peke yake kunaweza kuila nafuu yote. Pili, kwa picha doki ile ina matundu ya VGA, DVI na DisplayPort, haina HDMI. Mwenye skrini ya HDMI aongeze gharama ya waya wa kubadilisha. Asiye na laptopu ya familia hiyo asiiguse hata akipewa kwa bei ya chai, kwa sababu haina pa kuingia.

Vurugu ilikuja na tundu la USB-C, lililotangazwa mwaka 2014. Hili ni tundu dogo la duara dufu, sawa na lile la chaja za simu za siku hizi. Ahadi yake ilikuwa kumaliza ubaguzi wa matundu: waya mmoja upitishe data, picha na umeme. Ahadi hiyo imetimia kwa nusu. Tundu ni la umbo moja, lakini linachoweza kufanya hutofautiana kati ya kompyuta na kompyuta. Kuna USB-C inayopitisha data, picha na chaja. Kuna inayopitisha data na chaja bila picha. Kuna inayopitisha data peke yake. Kwa macho zote ni moja, na doki ile ile inayowasha skrini mbili kwa laptopu ya jirani itakaa kimya kwa laptopu yako, wala haijaharibika.

Mnunuzi aangalie alama iliyo kando ya tundu la laptopu yake. Alama ya radi yenye kichwa cha mshale ni ya Thunderbolt, na hiyo hupitisha picha. Alama ya herufi D na P zilizounganishwa ni ya DisplayPort, nayo hupitisha picha. Alama ya betri au plagi inahusu chaja. Kama hakuna alama yoyote, si lazima kwamba haipitishi, lakini asiamini maneno. Achukue jina kamili la modeli lililo chini ya kompyuta, asome maelezo ya mtengenezaji mwenyewe, tena modeli kwa herufi zake zote, kwa kuwa laptopu mbili za jina moja zinaweza kutofautiana kwa herufi ya mwisho.

Kwa laptopu ambayo USB-C yake haipitishi picha, au isiyo na USB-C kabisa, kuna doki zinazotumia teknolojia iitwayo DisplayLink. Hizi hupitisha picha hata kwa tundu la kawaida la USB kwa msaada wa programu inayowekwa kwenye kompyuta. Kwa kazi za hesabu, barua na orodha za mali zinatosha kabisa. Hazimfai mhariri wa video wala mchezaji wa gemu, na baadhi ya filamu zenye ulinzi wa hakimiliki hukataa kuonekana. Nadhani kwa mfanyabiashara wa kawaida wa Temeke mwenye laptopu ya miaka mingi, hii ndiyo njia ya busara, lakini ni lazima aulize kwa jina. Boksi lisilotaja DisplayLink lichukuliwe kuwa halina.

Mwenye MacBook yenye chipu ya kwanza ya M1, ya mwaka 2020, ajue kwamba Apple iliiwekea mpaka wa skrini moja ya nje. Akiuziwa doki ya HDMI mbili ya kawaida, skrini zote mbili zitaonyesha picha ile ile. Hapo muuzaji husema kweli kwamba "zote zinawaka", na mnunuzi hurudi nyumbani akidhani amepata alichotaka.

Suala la chaja nalo lina hesabu yake. Maneno "wati 100" juu ya boksi maana yake mara nyingi ni kwamba doki inaweza kupokea wati 100 kutoka kwenye chaja, si kwamba boksi lina chaja. Tena doki yenyewe hula sehemu. Ukiwa na chaja ya wati 65 na doki ikijiwekea 15, laptopu inapata 50. Laptopu inayodai 65 itaendelea kufanya kazi, lakini betri inaweza kuwa inashuka polepole huku alama ya kuchaji ikionekana. Mwenye nayo atalaumu betri, ataibadilisha, na tatizo litabaki pale pale.

Halafu waya. Waya wa USB-C uliokuja na simu unaweza kuchaji vizuri kabisa na usipitishe picha hata kidogo. Waya uliokuja na doki uhifadhiwe kama stakabadhi.

Kwa hiyo mtu anayekwenda Kariakoo au Makumbusho kununua doki abebe laptopu yake mwenyewe na chaja yake mwenyewe. Asikubali kujaribiwa kwa laptopu ya dukani. Adai skrini mbili ziwashwe kwa wakati mmoja, na aiburute kurasa kutoka skrini moja hadi nyingine ili ahakikishe hazionyeshi kitu kile kile. Achomeke flashi na printa au skana anayotumia. Asubiri angalau robo saa akiangalia asilimia ya betri kama inapanda au inashuka, na ashike doki kwa mkono. Joto kiasi ni kawaida, kuunguza si kawaida. Muuzaji atasema fremu yake ni finyu na skrini mbili hana. Hiyo ni hoja ya kweli, kwa kodi za fremu zilivyo, lakini ni gharama ya biashara yake na si ya mnunuzi. Wenye maduka matatu ya jirani wanaweza kuchangia meza moja ya majaribio.

Maandishi ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yamejaa kwenye kuta na risiti zetu. Wanunuzi wengi wakiyaona hunyamaza. Lakini Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtambua mnunuzi aliyemweleza muuzaji kusudi la kununua na akategemea ujuzi wake, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa. Ugumu ni ushahidi. Ndiyo maana risiti iandikwe zaidi ya neno "doki". Iandikwe modeli ya doki, modeli ya laptopu, na maneno mafupi "skrini mbili tofauti, inachaji". TRA imetuimbisha miaka mingi kwamba ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Wengi tunadhani hilo ni kwa faida ya Hazina peke yake, kumbe karatasi hiyo ndiyo silaha ya mlaji.

Nageukia upande wa pili wa kaunta, kwa kuwa wasomaji wa ukurasa huu wengi ni wauzaji na baadhi wanaagiza mizigo China na Dubai. Wako watakaosema kwamba masharti haya yote yanaua biashara, kwamba mteja akiulizwa maswali mengi atahamia fremu ya pili. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni ya hesabu.

Chukulia mfano wa mtu aliyeleta doki 100 ambazo zimemgharimu shilingi 60,000 kila moja hadi kufika dukani, naye anauza 80,000. Zote zikiuzwa, faida ghafi ni shilingi 2,000,000 kwa mtaji wa 6,000,000. Sasa ziuzwe kiholela, 20 zirudi zikiwa zimefunguliwa, boksi limechanika, waya umepotea, na hakuna anayezitaka tena. Faida ya zile 80 ni 1,600,000. Gharama ya zile 20 ni 1,200,000. Kinachobaki ni 400,000, na bado hajalipa kodi ya fremu wala kijana wa dukani. Kwa kiasi hicho, mtaji ungekwenda kwenye hatifungani za Serikali na mwenyewe akalala usingizi. Na akikataa kurudishiwa, atabaki na zile 400,000 kuwa 2,000,000, kweli, lakini wateja 20 wa mtaa mmoja wenye kinyongo ni tangazo ambalo hakuna redio ingeliweza kulirusha kwa bei hiyo.

Kumbandikia kila boksi karatasi yenye mistari mitatu ya Kiswahili, yaani inataka tundu gani, inawasha skrini ngapi, inatoa wati ngapi, hakugharimu kitu cha kutaja. Shirika la Viwango, TBS, lingeweza kulitaka jambo hilo kwa vifaa vya namna hii, na ningefurahi likifanya hivyo. Lakini mwagizaji hana sababu ya kungoja. Anayeagiza kwa kutazama picha tu, na akapokea maboksi yenye neno la kwamba yanafaa kompyuta zote, amenunua mashitaka ya wateja kwa jumla ili ayauze rejareja.

Jambo la mwisho linahusu mali iliyopo ghalani. Umoja wa Ulaya umeweka sheria kwamba kuanzia Desemba 28, 2024 simu mpya zinazouzwa huko ziweze kuchajiwa kwa USB-C, na laptopu zifuate kuanzia Aprili 28, 2026. Laptopu za ofisi za Ulaya za leo ndizo mitumba yetu ya miaka minne au mitano baadaye. Maana yake soko la doki za kubana za zamani litazidi kuwa dogo kadiri laptopu zake zinavyokufa. Mwenye shehena ya doki hizo pale Keko au Gerezani afadhali aiuze mapema pamoja na laptopu zake, kama seti, kuliko kungoja bei ambayo haitarudi. Wale wanaojiandaa kujaza maghala kwa doki za USB-C, nao wasisome sheria hiyo nusu nusu. Inazungumzia chaji. Haimlazimishi mtengenezaji yeyote kupitisha picha katika tundu hilo, kwa hiyo laptopu itakayofika Tandika mwaka 2030 ikiwa na USB-C bado itabidi ichomekwe kwenye skrini mbili dukani, mwenyewe akiangalia.